Kasa wa Bagamoyo: Si kila asiyetikisika amekufa

JULAI mwaka 2022, siku ya pili baada ya hitma ya marehemu shangazi yangu mjini Bagamoyo, nilishuka pwani baada ya swala ya alfajiri kutafuta samaki wa kurudi nao Dar es Salaam. Anayeijua Bagamoyo anajua hali ya pale sokoni saa hizo. Ngalawa na mashua zinaingia, wachuuzi wameshika ndoo, wakaangaji wanachochea moto, na mnada unaanza kabla jua halijapanda. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo mkali, na mtu wa Kariakoo kama mimi nilikuwa nimejikunyata ndani ya koti.

Mbele kidogo ya mnada palikuwa na kundi la watoto. Katikati yao alilala kasa, ukubwa wake kama sinia la pilau ya watu sita, amepinduliwa chali, shingo imelegea, mapezi yameanguka mchangani. Alikuwa amenaswa usiku katika jarife, zile nyavu za matundu makubwa zinazotegwa kwa ajili ya papa na taa. Uzi ulikuwa umemchana begani. Kijana mwenye jarife alikuwa amekaa pembeni na wavu wake magotini, akihesabu matundu yaliyochanika.

"Huyo kaisha, ustadhi," akaniambia nilipouliza. "Tumemtoa majini hatikisiki."

Mimi ningepita. Nakiri hivyo mbele ya wasomaji. Lakini nilikuwa na mpwa wangu, kijana aliyesomea uvuvi pale Mbegani. Akachuchumaa, akamgeuza kasa kifudifudi, kisha akamgusa taratibu pembeni ya jicho kwa ncha ya kidole. Akangoja. Akagusa tena. Ukope ukacheza.

"Mjomba, huyu yu hai."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema ukope ni mishipa tu, hata kuku aliyechinjwa hurusha mguu. Hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu mzee yule ni mtu wa bahari tangu utoto, na bado katika jambo hili alikosea. Kama nahodha mzima hukosea, sisi wa mjini tunaokwenda pwani Jumapili na watoto tutakuwaje?

Ndugu msomaji, kasa si samaki. Hana matamvua, ana mapafu kama wewe na mimi, na lazima apande juu kuvuta pumzi. Akiwa ametulia chini ya bahari anaweza kukaa saa kadhaa kwa pumzi moja. Lakini akinaswa hupambana, na kupambana huimaliza hewa upesi. Jarife hutegwa jioni na kuangaliwa asubuhi. Katikati ya saa hizo, kasa aliyenaswa hupoteza fahamu. Moyo wake hupiga polepole mno, pumzi haionekani, mwili unalegea wote. Ukimtazama utasema amekufa. Na wengine kweli wamekufa. Tatizo ni kwamba kwa macho matupu aliyekufa na aliyezimia wanafanana, na anayetofautisha ni muda.

Jambo hili watu wa nchi za baridi wamelijua kwa njia yao. Ndugu zetu wengi wa Kariakoo na Zanzibar wanaokwenda Dubai kuleta mali hupita karibu na hoteli ile yenye umbo la tanga, Burj Al Arab. Sidhani kama wengi wao wanajua kwamba tangu mwaka 2004 pale kuna mradi wa kutibu kasa. Ghuba ile haina kina kikubwa, kwa hiyo kiangazi maji yake huchemka na majira ya baridi hupoa sana. Kasa ana damu baridi, maana yake joto la mwili wake hufuata joto la maji. Kati ya Desemba na Februari ng'amba wadogo, wengine hawazidi kiganja cha mtu, huishiwa nguvu kwa baridi. Hawali, hawaogelei, wanaelea tu. Kiumbe anayeelea bila kwenda hushikwa na vijigamba vile vigumu tunavyoviona chini ya mashua, na vikimjaa mgongoni na usoni humzidishia uzito mpaka bahari inamtupa ufukweni. Wanaomkuta humpeleka kwenye mradi ule. Huwekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ili vile vijigamba vife na kudondoka, kisha hupashwa joto, hulishwa, hutibiwa, na baada ya miezi hurudishwa baharini. Zaidi ya kasa 2,000 wamepita kwenye mikono ya mradi huo.

Marekani nako, katika jimbo la Massachusetts, kuna rasi iitwayo Cape Cod iliyopinda kama mkono uliokunjwa. Kasa wadogo huingia ndani ya ghuba yake wakati wa joto, na baridi ikianza wanataka kurudi kusini, lakini ule mkono unawazuia. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi, kasa hufa ganzi. Kila Novemba na Desemba watu wa kujitolea hutembea ufukweni hata usiku, kila maji yanapopwa, wakiwatafuta. Na kanuni ya kwanza wanayofundishwa ni kwamba usiamue wewe kuwa amekufa. Mchukue hata kama hatikisiki. Wapo waliochukuliwa wakiwa kama jiwe, moyo unapiga mara chache sana kwa dakika, wakafufuka, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, siku ya pili au ya tatu. Kanuni ya pili inashangaza zaidi: usimpashe joto kwa haraka. Huongezewa nyuzi chache tu kwa siku, kwa sababu mwili uliolala ukiamshwa ghafla huvurugika na kufa. Wakishapona nimonia na vidonda, husafirishwa kwa ndege ndogo za watu binafsi hadi majimbo ya kusini na kuachiwa kwenye maji ya vuguvugu.

Februari mwaka 2021, baridi kali ilipoipiga Texas, walipatikana kasa zaidi ya 12,000 waliokufa ganzi. Katika mji wa South Padre Island jumba la mikutano liligeuzwa kuwa hospitali, sakafu imejaa maelfu ya kasa waliopangwa kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Nyumba nyingi za wenyeji siku zile hazikuwa na umeme. Watu waliokuwa wakitetemeka majumbani mwao walitoka kwenda kubeba kasa.

Sasa mtu ataniuliza, sisi Bagamoyo tuna baridi gani? Hatuna. Hata kusi likivuma, maji yetu hayashuki kiasi cha kumgandisha kasa. Kwetu, kama ni kuogopa hali ya hewa, tuogope joto, maana yai la kasa halijui dume wala jike mpaka mchanga uamue. Mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Kaskazini mwa Australia, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta kasa wachanga wa eneo moja karibu wote ni majike. Lakini hilo ni somo la siku nyingine. Kwetu kinachomlaza kasa akaonekana mfu ni wavu, na dawa yake inafanana na ile ya baridi: subira, na kutokubali haraka kwamba ameshakufa.

Alichofanya mpwa wangu asubuhi ile nitakieleza kama nilivyokiona, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukifanya na hakihitaji dawa wala chombo.

Kwanza alimlaza kifudifudi. Ule mtindo wetu wa kumpindua kasa chali ili asitoroke ni kummaliza, kwani uzito wa matumbo yake wote hulalia mapafu. Kisha akaomba tairi kuukuu, akaliingiza chini ya sehemu ya nyuma, miguu ya nyuma ikawa juu kuliko kichwa kwa kiasi cha shibiri moja hivi, ili maji yaliyoingia mapafuni yapate kutoka. Yakatoka kweli, kidogo kidogo, puani na mdomoni, yamechanganyika na povu. Akamsogeza kivulini. Akaomba kanga, mama mmoja mkaanga samaki akatoa yake, ikalowanishwa maji ya bahari na kufunikwa juu ya gamba na mapezi, lakini pua ikaachwa wazi. Kila baada ya muda alishika ukingo wa gamba akamwinua upande mmoja kidogo, akashusha, akainua upande wa pili. Basi. Hakumkandamiza kifua, hakummwagia maji kichwani, na walipotokea vijana wakasema tumrudishe baharini azindukie huko, alikataa katakata. Kasa aliyezimia ukimtia majini huzama na kufa maji. Hii ni nukta ambayo watu wengi wenye nia njema hukosea.

Kazi kubwa ilikuwa kungoja. Inashauriwa kungoja kuanzia saa 4 mpaka saa 24 kabla ya kukata tamaa. Nani katika sisi ana subira hiyo pwani? Wale watoto waliondoka mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nilikwenda kunywa chai nikarudi.

Afisa uvuvi alipigiwa simu akaja, akampima kwa futi ya mshonaji na kuandika. Kwa sheria zetu, kwa maana ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, kasa haruhusiwi kuvuliwa, kuuzwa wala kuliwa Tanzania Bara. Ndiyo maana wavuvi wengi wakimnasa hunyamaza. Ama humchinja kimya kimya, ama humtupa. Sheria inalinda, lakini sheria peke yake humfanya kijana wa watu aogope kuita msaada.

Hapa nataka niingie jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu wataniuliza tu: nyama ya kasa je? Mimi si faqihi, na wenye elimu watanisahihisha. Nijuavyo, wanazuoni walitofautiana. Suratul Maidah aya ya 96 imehalalisha mawindo ya bahari, na kwa msingi huo Imamu Malik aliruhusu. Mahanbali wakaruhusu kwa sharti la kuchinjwa. Mahanafi wamehalalisha samaki tu katika viumbe vya bahari. Katika madh'hab yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani hii, Imamu An-Nawawi katika al-Majmuu amemweka kasa katika vilivyoharamishwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ajabu ni kwamba watu wale wale wa madh'hab ya Shafii, kutoka Lamu hadi Kilwa, wamekula kasa vizazi kwa vizazi, tena wakimfanya kitoweo cha sherehe. Na mimi nimo. Kunduchi, miaka ya 1980, nikiwa kijana, kasa aliwekwa chali chini ya mkungu tangu asubuhi, wote tukiamini ameshakufa. Kisu kilipomfikia baada ya alasiri akavuta pumzi ndefu kama mtu anayeamka usingizini. Tukala. Sauti ya pumzi ile ninayo mpaka leo.

Lakini hata anayefuata kauli ya kuruhusu, sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara, na madhara yameonekana. Novemba mwaka 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi mwaka 2024, Kisiwa Panza, Pemba hiyo hiyo, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Inaaminika sumu hiyo hutokana na vimelea vya mwani wenye sumu ambavyo kasa hula; yeye havimdhuru, vinabaki mwilini mwake. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na huwezi kuijua kwa rangi wala harufu. Watoto ndio huathirika zaidi, na hata mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa. Kwa hiyo mzee atakayesema "tumekula miaka yote" ajue kwamba alikuwa anacheza bahati nasibu bila kujua, na tiketi alimkatia mjukuu wake.

Nirudi kwa kijana mwenye jarife, maana kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Wakati sisi tunashangilia huruma yetu, yeye alikuwa amepoteza usiku mzima na wavu. Tundu lile huwezi kulishona kwa saa moja. Sote tunakisimulia kisa cha yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, lakini tunasahau kwamba aliteremka mwenyewe kisimani na kuteka maji kwa kiatu chake. Gharama ilikuwa yake. Sisi huruma yetu tunataka mwingine ashuke kisimani.

Kule Watamu, Kenya, watu waliliona hili mapema. Kikundi kilichoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, ambacho leo kinaitwa Local Ocean Conservation, hufanya makubaliano na wavuvi. Ukimnasa kasa, piga simu. Wanakuja, wanampima, wanamtia alama, na mvuvi hupewa posho ndogo kwa muda na usumbufu wake. Mzima huachiwa hapo hapo. Mgonjwa hupelekwa kwenye kituo chao chenye matanki ya tiba. Huko hutibiwa majeraha ya nyavu na mishipi, uvimbe unaowaota machoni na shingoni, na kasa waliokula plastiki wakajaa gesi tumboni hata hawawezi kuzama kutafuta chakula. Maelfu ya kasa wamerudishwa baharini kwa njia hiyo. Wapo wanaopinga, wanasema ukimlipa mvuvi utamfundisha kumtega kasa makusudi. Nimelitafakari hilo. Posho isiyofikia hata bei ya wavu sioni itamfanya mtu mwenye akili avunje jarife lake. Kwa upande mwingine, kumlaumu mvuvi bure bila kumpa chochote tumekufanya miaka mingi, na matokeo tunayajua.

Kwetu, tuwe wakweli, hatuko mikono mitupu. Shirika la Sea Sense, lililoanzia Mafia mwaka 2001, limewafundisha wanavijiji kulinda viota, na huko Pangani mayai yanayotagwa kisiwa cha Maziwe huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Kisiwa kile zamani kilikuwa na mivinje. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa, na leo maji yakijaa kinafunikwa chote. Kasa bado huja kutaga pale pale, na watu wakichelewa mayai hufa maji. Kusini kidogo ya hapo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ufukwe wa Madete hutaga kasa uziwa. Nungwi, Unguja, wanakijiji walizungushia bwawa la asili la Mnarani mwaka 1993 wakatunza humo kasa waliotoka nyavuni. Baadhi ya watu hulikosoa bwawa lile kwamba limekuwa zaidi la watalii, na sitaki kuingia ugomvi huo. Ila mvuvi wa Nungwi angalau anajua pa kumpeleka kasa.

Mvuvi wa Bagamoyo, Mlingotini, Kunduchi au Mbweni akimpata kasa aliyechanika bega, ampeleke wapi? Chuo cha uvuvi kipo Mbegani. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari, BMU, vipo kila mwalo. Hoteli ziko mstari mzima. Tanki moja, pampu, mtu mmoja aliyefundishwa na namba ya simu iliyobandikwa sokoni si mambo ya kungoja mfadhili kutoka Ulaya. Misikiti yetu ya pwani huchangisha mabati na mazulia kwa wiki moja.

Yule kasa wetu alivuta pumzi muda mfupi kabla ya adhuhuri. Kwanza kichwa kilinyanyuka, mdomo ukafunguka, ikatoka ile sauti. Mama mwenye kanga alipiga kigelegele mpaka mnada ukasimama. Mpwa wangu hakufurahi mapema. Alimwacha mpaka alasiri, mpaka alipoanza kupiga mapezi mwenyewe na kutaka kuondoka. Jeraha la begani halikuwa la ndani, kwa hiyo afisa uvuvi akakubali aachiwe. Alipakiwa kwenye ngalawa, akapelekwa nje ya mstari wa nyavu, akateremshwa. Alizama, akaibuka mara moja mbali, hatukumwona tena.

Tulichanga pale ufukweni tukapata Sh. 23,500. Kijana mwenye jarife alizihesabu, akasema nyuzi peke yake zitazidi hapo, akashukuru, akazifunga kwenye pindo la msuli wake. Sikuwa na la kumjibu.

Septemba mwaka huo huo alimpigia simu mpwa wangu saa kumi usiku. Amemnasa mwingine. Mpwa alipofika alimkuta kasa tayari yuko juu ya tairi, kivulini mwa mashua, kanga ya mke wa kijana imelowanishwa vizuri na pua iko wazi. Walimgusa jicho, hakujibu. Wakangoja mpaka alfajiri ya siku ya pili, saa 24 kamili, wakipokezana kumwinua ubavu huu na huu. Yule hakuamka. Walimfukia mchangani juu ya alama ya maji makuu, na jioni yake kijana akaenda kutega jarife lile lile lenye viraka.